Kijiko Kimoja cha Jozi

Ijumaa asubuhi hapa mjini Ashdodi, jengo letu zima hunukia kuku wa Sabato. Sisi Wayahudi tuliotoka Jojia hatujui kupika bila jozi, zile njugu za gamba gumu. Kwetu nyama haikutani na maziwa, basi mchuzi wa kuku tunauongezea uzito kwa jozi zilizosagwa. Ukitaka ugomvi na Bibi Makvala, mwambie mchuzi wake ni mwepesi.

Lali, mke wa mwanawe, anaishi naye nyumba moja. Binti yake Shiri ana miaka minne na ana mzio wa jozi. Daktari aliwapa kalamu ya sindano ya dharura. Lali aliiweka kabatini, akaisahau humo.

Ijumaa moja Bibi alikuwa akikoroga supu ya Shiri. Pembeni palikuwa na bakuli la mchuzi wa jozi, wa watu wazima. Alipouchota, kijiko kikamponyoka, mchuzi ukamwagika kwenye supu.

"Mama! Hiyo ni supu ya Shiri!"

"We Lali, usinipigie kelele. Kijiko kimoja kwa sufuria yote hii? Kwa sheria yetu, hata tone la maziwa likiangukia nyama, nyama ikilizidi mara sitini, limepotea. Halihesabiwi. Nimefundishwa hayo kabla hujazaliwa."

Lali akaendelea kutandika meza. Nani anataka kubishana na mama mkwe siku ya Ijumaa? Lakini alijua kuwa hata kidogo ni hatari, na mimi simtetei.

Shiri alikunywa vijiko vitatu. Midomo ikavimba. Vipele vikamjaa shingoni. Akaanza kukohoa, pumzi ikawa haitoki.

Lali alipiga mayowe. Zehava, jirani yao, muuguzi wa watoto, akaingia mbio.

"Kalamu iko wapi?"

"Kabatini! Sijui! Mungu wangu, siioni!"

Walimwaga kabati zima sakafuni ndipo ikaonekana. Zehava akamchoma Shiri pajani, upande wa nje, juu ya nguo hivyohivyo.

"Bibi, piga simu, gari la wagonjwa lije!"

Bibi Makvala alisimama tu. "Ilizidi sitini," alisema. "Nawaapia, ilizidi sitini."

Zehava akapiga simu mwenyewe.

Hospitalini Shiri alipumua tena. Lali alikaa sakafuni ukumbini. "Kidogo nimuue mwanangu kwa kumwogopa mama mkwe," alisema. "Mimi ni mama gani?"

Bibi hakujitetea. "Nimelisha vizazi vitatu," alisema. "Leo nimemlisha mjukuu wangu sumu. Zehava, nifundishe. Nikichemsha vyombo, vitatakata?"

"Maji ya moto peke yake hayaondoi jozi, Bibi. Sugua kwa sabuni, suuza vizuri. Mwiko wa mbao na ubao wa kukatia, nunua vipya. Na jozi zisiingie tena nyumbani kwenu."

"Na vya dukani? Mimi nanunua vyenye muhuri wa rabi tu."

"Muhuri unasema chakula ni halali kwetu. Hausemi ni salama kwa Shiri. Soma viungo kila unaponunua, hata kama ulikinunua jana."

"Na sitini?"

"Sitini ni sheria ya sufuria. Mwili wa Shiri hauijui. Chembe moja inatosha."

Akamgeukia Lali. "Kalamu iende kila aendako mtoto. Dalili zikianza, choma papo hapo, piga simu, nenda hospitali hata akipata nafuu. Ikitokea Sabato, hata kama simu na gari haviruhusiwi siku hiyo, fanya vivyo hivyo. Uhai unatangulia."

Jumapili Bibi alitoa jozi zote nyumbani, na kinu chake cha mawe alichokuja nacho kutoka Jojia. Alilia kama aliyefiwa. Sasa mchuzi anautia viazi vilivyopondwa, na anasema ni gundi.

Ni miezi minane na Shiri hajaugua. Lakini kwa muda mrefu, Bibi alipompa chakula, mtoto alimtazama kwanza mama yake. Bibi aligeuzia uso ukutani.

Ijumaa iliyopita Shiri alipokea bakuli, akachota bila kumtazama mtu. Bibi akamshika mkono.

"Ngoja. Umemuuliza mama yako?"

"Lakini wewe ni bibi yangu."

"Ndiyo, roho yangu," alisema Bibi Makvala, machozi yakimtoka. "Hata mimi usiniamini. Muulize."