Baiskeli Kama ya Ketaki

Nyumbani kwetu, katika mji wa Pune, siku huanza kwa kelele za sufuria. Manda, mke wa mwanangu mkubwa, hupika chai. Ketaki, mke wa mwanangu mdogo, hukanda unga wa mkate. Mimi hukaa mlangoni nikichambua dengu, na husikia kila kitu.

Manda ni mshonaji. Hushona blauzi za sari na kuzipeleka kwa wateja mjini. Siku zile alizipeleka kwa miguu na kwa basi. Ni mfupi, na ana mikono mifupi. Ketaki ni mrefu kama mua, na anafanya kazi benki. Mwaka ule alinunua baiskeli nyekundu ya mashindano. Matairi yake yalikuwa membamba kama kidole, na usukani ulipinda kama pembe za kondoo. Kila Jumapili alipanda mlima wa Dive pamoja na wanawake wenzake. Wakifika juu, yeye aligeuza na kurudi nyumbani.

Majirani walimsifu sana. "Mkwe wako anaruka, mama! Si mtu yule, ni ndege!"

Manda alicheka pamoja nao. Lakini nilimwona akisugua sufuria iliyokwisha kuwa safi.

Jioni moja akasema mbele ya ua mzima, "Sikukuu hii ya Diwali nakwenda kwa mama yangu Saswad. Nakwenda kwa baiskeli."

Saswad iko ng'ambo ya mlima wa Dive, zaidi ya kilomita thelathini kutoka kwetu.

"Baiskeli ipi, dada?" Ketaki aliuliza.

"Nitanunua. Kwani ni watu wa benki tu wanaojua kukanyaga pedali?"

"Sijasema hivyo. Ila njoo kwanza kwa fundi Shabana akupime. Mimi na wewe hatulingani kimo."

Uso wa Manda ukabadilika. "Najua mimi mfupi. Asante kwa kunikumbusha."

Usiku huohuo alimpigia mama yake simu. Mama yake ni mzee, na macho yake yamepungua nguvu. Alifurahi sana. "Nitakaa kizingitini nikungoje," alisema.

Sikukuu ya Dasara ikafika, siku ishirini hivi kabla ya Diwali. Sisi hupenda kununua vyombo vya kusafiria siku hiyo, katika saa ya heri. Duka la baiskeli lilijaa watu hadi barabarani. Manda alinyoosha kidole kutoka mlangoni.

"Nipe ile nyekundu, kama ya Ketaki."

"Imebaki moja tu," muuzaji alisema. "Wahi, saa ya heri inakwisha."

Manda hakuikalia wala hakuijaribu. Aliitazama saa tu. Alipoifikisha nyumbani tuliivisha maua, tukaweka ndimu ya kuondoa nuksi chini ya gurudumu, akaisukuma mbele. Ndimu ikapasuka, nasi tukapiga makofi.

Jioni ya Dasara tunapeana majani ya mti wa apta. Tunayaita dhahabu, na tunatakiana heri. Manda aliwapa watu wote wa ua. Ketaki alisimama, kiganja wazi. Manda akampita. Jani la mwisho akalirudisha kwenye mkoba wake. Mimi niliona, nikanyamaza. Sikufanya vizuri kunyamaza.

Baada ya siku chache viganja vya Manda vilianza kufa ganzi. Shingo ikamuuma. Baiskeli haikuwa na keria, kwa hiyo blauzi alizibeba mgongoni. Jasho likazilowesha, na mteja mmoja akakataa yake. Akisimama kwenye taa za barabarani, miguu haikufika chini vizuri. Siku moja alianguka juu ya mkokoteni wa mbilingani.

"Unanunua au unalala?" mwenye mkokoteni alimuuliza.

Tairi lilipata pancha mara tatu kwa sababu ya mashimo, na kila mara Shabana aliiziba. Lakini kila asubuhi Manda alikuta matairi yote mawili yamejaa upepo.

"Mnaona?" alijidai. "Tairi zangu hazipungui upepo hata kidogo!"

Ketaki aliendelea kukanda unga.

Zilipobaki siku kumi kabla ya Diwali, Manda alikwenda kuujaribu mlima. Alirudi juu ya gari la vitunguu, na baiskeli imelala juu ya magunia. Aliingia jikoni, akalia.

"Nitamwambia nini mama? Atakaa kizingitini akitazama barabara, mimi sitatokea."

"Twende kwa Shabana," nilimwambia.

"Kitu cha Dasara hakirudishwi, Mama."

"Haturudishi. Tunakwenda kuuliza."

Shabana ni fundi baiskeli. Kibanda chake kiko mwisho wa kichochoro chetu, na spana zake amerithi kwa baba yake. Alifuta mikono, akaitazama baiskeli, kisha akamtazama Manda.

"Dada Manda, lipitishe bomba la juu katikati ya miguu yako, usimame. Nyayo zote chini."

"Linanigusa."

"Linakugusa? Linakubeba! Panatakiwa nafasi ya vidole vitatu au vinne. Sasa kaa, nakushika. Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu ukinyooka bila kiuno kuinama, kiti kiko sawa. Shika usukani. Viwiko vimekunjika kidogo?"

"Vimenyooka kama fimbo."

"Ndiyo maana viganja vinakufa ganzi. Unaning'inia. Na breki, kidole kinafika?"

"Kwa shida."

"Kidole kisipofika, huna breki. Baiskeli hii si mbaya, Bibi," Shabana aliniambia. "Ni ya mtu mwingine."

"Mimi nafanya mambo mawili," Manda alisema kwa sauti ndogo. "Napeleka blauzi mjini, na nataka kwenda mbali, kwa mama."

"Basi tafuta ya katikati. Tairi pana kama vidole viwili, ili mashimo yasikutese. Lakini liwe laini, lisiwe na meno makubwa, maana meno yanakula nguvu barabarani. Iwe na gia nyepesi za mlimani. Iwe na matundu ya kufungia keria na madigadi. Na uijaribu kabla ya kununua! Ipitishe hata kwenye barabara mbovu. Nenda siku isiyo na watu."

"Na pancha zangu ulizoziba, mbona hukunidai?"

"Muulize Ketaki, yeye ndiye aliyelipa," Shabana alisema. "Huja hapa alfajiri kuazima pampu. Anasema tairi nyembamba ikikosa upepo, dada yake ataanguka."

Manda aliinama, akajifanya anatazama pedali.

Jioni alisimama mlangoni pa jikoni. "Ketaki. Jumamosi una nafasi?"

Unga ulimponyoka Ketaki mkononi.

Tulikwenda sote watatu. Duka lilikuwa tupu. Baiskeli ya kwanza ilikuwa na springi mbele. Ilibonyea kama kitanda, tena ilikuwa nzito. Ya pili ilikuwa nyepesi, lakini haikuwa na matundu ya keria. Ya tatu ilimkaa Manda kama blauzi aliyoishona mwenyewe. Aliizungusha mtaa mzima, akapita kwenye mashimo, akarudi anatabasamu.

"Ila rangi!" alisema. "Kama maji ya kuoshea vyombo!"

"Kwani unakalia rangi?" Ketaki alimuuliza. Wakacheka mpaka muuzaji akacheka.

Shabana alimtafutia ile nyekundu mnunuzi, msichana mrefu wa chuo. Manda alihakikisha ameijaribu kwanza.

Siku ile, njiani kurudi kutoka dukani na baiskeli mpya, Manda aliuliza, "Kwa nini ulinijazia upepo? Mimi sikukupa hata jani."

Ketaki alijibu, "Nilikuwa nakuonea wivu, dada."

"Wewe? Mimi?"

"Mimi nikifika juu ya mlima nageuza. Ng'ambo hakuna anayenisubiri. Mama yangu alikufa nikiwa darasa la saba. Wewe una mtu kizingitini."

Manda alisukuma baiskeli mpaka kwenye kichochoro chetu. Kisha akasema, "Diwali usigeuze."

Siku zilizofuata alifunga blauzi kwenye keria ndani ya mfuko wa plastiki. Zilifika kavu na hazikukunjamana. Viganja vikapona. Alijizoeza kidogo kidogo, leo mpaka mtoni, kesho mpaka chini ya mlima.

Siku ya safari mimi nilitangulia Saswad kwa basi. Mama yake Manda alikuwa kizingitini tangu chai ya kwanza.

"Naona kitu," alisema mwishowe. "Ni kimoja au viwili?"

"Viwili."

Akaita ndani, "Ongezeni sahani!"

Waliingia uani wakihema, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama alimpapasa Manda uso, kisha akampapasa Ketaki vilevile.

"Nani alifika kileleni kwanza?" aliuliza.

"Huyu mrefu," Manda alisema. "Akanisubiri."

Kisha akafungua mkoba wake. Alitoa jani la apta, kavu, limevunjika ukingoni. Akaliweka katika kiganja cha Ketaki.

"Limechelewa," alisema.

Ketaki alilifunika kwa mkono wa pili, akalishika hivyo mpaka alipoitwa kula.