Hirizi ya Bibi Kwenye Picha ya Kifua

Kila asubuhi Warda alivaa sare ya shule, akanywa chai, kisha akapapasa kifuani kuhakikisha hirizi ipo. Ilikuwa kikopo kidogo cha fedha alichofungwa shingoni na bibi yake siku alipoondoka Unguja kumfuata baba yake, Khalfan, dereva wa hoteli mjini Doha. "Usiivue, mjukuu wangu, hata iweje," bibi alimwambia.

Alipofikisha wiki ya tatu akikohoa, baba alimpeleka kliniki, mtaa wa Abu Hamour. Warda aliogopa mno. Tiffany, jirani yao hapo mtaani Najma, alikuwa amemwambia kwamba wenye ugonjwa wa kifua hurudishwa kwao. Warda alikuwa ameishi miaka minne mbali na baba yake. Hakutaka kuanza tena.

Daktari alimtazama koo, akamsikiliza mgongoni kwa chombo cha baridi, akaagiza eksirei. Muuguzi Damaris, Mkenya, alimpa gauni.

"Toa kila kitu cha chuma, sawa? Hata cheni."

"Ndiyo, sista."

Nyuma ya pazia Warda alimkumbuka bibi, akaificha hirizi chini ya gauni. Mbele ya mashine alivuta pumzi na kuizuia.

Baadaye Damaris alitoka, uso mzito. "Baba Warda, kuna alama nyeupe kifuani. Lazima turudie picha."

Khalfan alivua kofia yake, akaiminya kwa mikono miwili. Warda hakuwahi kumwona baba yake akiogopa. Machozi yakamtoka.

"Baba, si ugonjwa," alisema, akaitoa hirizi. "Nimemdanganya sista. Bibi alinikataza kuivua."

Damaris alishusha pumzi. "Kumbe! Nilishuku ni chuma, lakini kifua hakisomwi kwa kubahatisha."

Warda aliivua hirizi, na Khalfan akaishika ndani ya kofia yake hadi picha iliporudiwa. Picha ya pili ilikuwa safi. Kikohozi kililetwa na vumbi na kiyoyozi kilichompuliza usiku kucha, na daktari akampa dawa.

Nje, baba alimvisha hirizi tena. "Mwanangu, bibi alikufunga hii uwe salama. Leo imemzuia daktari asikuone vizuri. Anayekutibu mwambie kweli, hata ukiogopa."

"Na bibi akiuliza?"

"Naye mwambie kweli. Uliivua, akaishika baba."