Sweta Chini ya Jua la Voi

Saa sita mchana mjini Voi, hata mbuzi huacha kula na kutafuta kivuli. Mabati huwaka. Reli hung'aa mpaka macho yakauma. Lakini Tryphena Wakesho alikuwa ameketi karibu na jiko. Alikuwa amevaa sweta, na viganja vyake aliviweka juu ya mvuke wa sufuria.

Mumewe, Zephaniah, aliingia kula katika chumba chao cha landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Yeye alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kuwasha moto wa injini za gari la moshi kabla ya safari. Shati lake lilikuwa limelowa jasho.

"Mama Mable! Sweta tena?"

"Nasikia baridi," Tryphena alisema. Sauti yake ilikuwa nzito na ya kukwaruza.

"Mimi natoka motoni, nafika nyumbani nakuta mke anaota moto! Watu wa landi hizi wanatucheka."

"Wacheke. Meno ni yao."

Zephaniah alitaka kucheka, lakini alipomtazama mkewe kicheko kilimkauka. Uso wa Tryphena ulikuwa umevimba. Nywele zake zilikuwa zikikatika. Alikuwa mwepesi wa kazi zamani. Sasa kufagia chumba kimoja kulimchosha. Wakati mwingine alilala ameketi, kijiko mkononi.

Daktari alikuwa amempima na kuujua ugonjwa wake. Alisema kuna tezi ndogo mbele ya shingo. Tezi hiyo ndiyo huupa mwili nguvu na joto. Ya Tryphena ilikuwa imelegea. Alimpa vidonge vidogo, kimoja kila asubuhi, akamwambia arudi apimwe tena.

Alivimeza. Alirudi. Lakini bado aliumwa.

"Dawa gani hii?" Zephaniah alisema, akikata tonge la ugali. "Nilipougua buba nilidungwa sindano moja tu, vidonda vikakauka. Hivi vidonge ni kama mbegu za wimbi. Ulimwambia daktari kwamba bado unaumwa?"

Tryphena aliinama. "Nilimwambia naendelea vizuri."

"Vizuri?"

"Baba Mable, mtu mkubwa kama yule amejitahidi. Nimwambieje usoni kwamba dawa yake haifai?"

Basi daktari alimwacha kwenye dawa ileile kidogo aliyoanza nayo.

Jioni hiyo Mama Wakio, mama yake Zephaniah, alishuka kutoka Mgange, juu milimani, na mkungu wa ndizi. Hakumkumbatia mkaza mwana. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Dawa ya hospitali imeshindwa," alisema. "Mnajua kwa nini? Kuna moyo uliokasirika. Mtu wa nyumba moja akikukasirikia, hata ukimeza mti mzima hutapona. Ni lazima tufanye kutasa."

Zephaniah aliijua desturi hiyo ya kwao Wadawida, watu wa milima ya Taita. Mwenye hasira husema yaliyo moyoni mwake mbele ya jamaa. Kisha hutia maji au pombe kinywani na kuitema nje, pamoja na hasira yake.

"Ni nani aliyekasirika, mama?" Zephaniah aliuliza.

"Atajulikana tukikutana wote. Tumngojee kaka yako Elijah atoke Maungu. Na mpaka siku hiyo, asimeze vidonge. Dawa mbili hazipikwi chungu kimoja."

Alivichukua vidonge, akavifunga kwenye pindo la leso yake. Tryphena alimwachia. Alikuwa amechoka hata kubisha.

Elijah hakuja haraka. Alikuwa na mifugo, na mvua ilikuwa imeharibu njia. Walimngoja. Kila kulipokucha Tryphena alizidi kuwa mzito. Aliongea kama mtu anayeota. Alisahau jina la jirani. Aliacha kula. Ngozi yake ilikuwa kavu, na baridi kama ya mjusi.

Siku moja Zephaniah alirudi mchana akamkuta amelala kitandani chini ya mablanketi yote ya nyumba. Alimwita. Hakuitika. Alimtikisa.

"Mama Mable! Wakesho!"

Tryphena alifungua macho kidogo, akayafumba. Pumzi yake ilikuwa ya polepole mno. Inaingia. Inangoja. Inatoka.

"Mama!" Zephaniah alipiga kelele. "Lete vile vidonge! Vyote!"

Mama Wakio alifungua leso. Zephaniah alivimimina kiganjani.

"Kimoja hakikumfaa. Kiganja kizima kitamfaa! Lete maji!"

Aliinua kichwa cha mkewe. Wakati huohuo Mwanamina, jirani yao wa asili ya Mombasa, alikuwa mlangoni na bakuli la uji wa tangawizi. Aliona. Aliweka bakuli chini, akamshika Zephaniah kifundo cha mkono.

"Subhana! Wafanya nini, Baba Mable?"

"Niache! Mke wangu anakufa!"

"Na wewe wamsukuma kaburini? Mtu asiyeamka wataka kummezesha vidonge, si vitamkaba huyo? Ngoja nimwite Nesi Mutindi. Nyumba yake ni hapo tu nyuma ya duka. Nawe mama, mshike mwanao mkono, asithubutu!"

Mwanamina alitoka mbio, buibui likipepea nyuma yake.

Nesi Mutindi alikuja bila viatu, maana hakungoja kuvivaa. Alimgusa Tryphena shavu. Alimpima mapigo ya moyo. Kisha akaona vidonge vilivyojaa kiganjani mwa Zephaniah.

"Umempa?"

"Bado."

"Mshukuru Mungu. Ungempa hivyo vyote, ungemuua kwa mkono wako. Tangu lini hajameza?"

Mama Wakio alitazama sakafu.

"Nimeuliza, tangu lini?"

"Tangu nilipokuja mimi," Mama Wakio alisema kwa sauti ndogo.

"Hospitali. Sasa hivi!"

Zephaniah alikimbia stesheni akaleta toroli la mizigo. Walimlaza Tryphena juu yake, mablanketi na yote, wakalisukuma juani. Watu wa landi walitoka nje. Siku hiyo hakucheka mtu.

Daktari alimpokea Tryphena na kumwingiza chumbani pamoja na wauguzi. Jamaa walibaki barazani. Zephaniah alitembea huku na huku kama simba wa Tsavo aliyetegwa.

"Kwa nini hamkuniacha nimpe?" alimwambia Nesi Mutindi kwa ukali. "Kama dawa ni nzuri, nyingi si nzuri zaidi?"

"Kazi yako ni nini, Baba Mable?"

"Unaijua. Nawasha injini."

"Injini ikilala baridi, boila lake la maji unalipashaje?"

"Polepole. Moto mdogo kwanza. Unaongeza, unangoja, unaongeza. Ni kazi ya saa nyingi."

"Na bosi akiwa na haraka? Kwa nini usitie moto mkubwa mara moja?"

Zephaniah alicheka kwa dharau. "Nesi, hiyo ni kazi ya mjinga! Chuma baridi hakipendi moto wa ghafla. Boila litapasuka, litatuu..."

Hakumaliza neno. Aliketi kwenye benchi.

"Naam," Nesi Mutindi alisema. "Mwili wa mkeo umelala baridi muda mrefu. Dawa hii ndiyo moto. Ukiutia wote mara moja, moyo unapiga mbio, unashindwa, unasimama. Ndiyo maana daktari huanza na kidogo. Anangoja, anapima, anaongeza. Si kazi ya wiki moja. Ni miezi."

"Sasa mbona alikuwa bado anaumwa?"

"Kwa sababu moto ulikuwa bado mdogo. Angesema ukweli, daktari angeongeza. Yeye alisema yuko vizuri. Huko si kumheshimu daktari, ni kumfunga macho. Bado anaumwa? Aje aseme. Labda dawa haitoshi. Labda kuna ugonjwa mwingine wa kutafutwa. Lakini asiache dawa, wala asiongeze mwenyewe."

Mama Wakio alikuwa akisikiliza. Machozi yalimtoka.

"Nesi, mwenye hasira na mtoto huyu nilikuwa mimi. Dada yangu alipokufa, Tryphena hakuja kuzika. Walisema alikuwa amelala. Nilisema moyoni, mkaza mwana gani huyu, analala sisi tukilia?"

"Mama, ugonjwa wenyewe ndio ulimlaza," Nesi Mutindi alisema. "Mtu wa hali hii anaweza kulala huku anajilaumu. Hakukudharau."

Mama Wakio alijifuta machozi. Kisha akasema, "Nipe maji, tafadhali."

Alipewa kikombe. Alienda ukingoni mwa baraza, akatia maji kinywani, akayatema nje juu ya vumbi.

"Hasira niliyokuwa nayo, nimeitema. Mwanangu Wakesho, amka."

Aligeuka akamtazama nesi, kama anayengoja kukemewa.

"Umefanya vema, mama," Nesi Mutindi alisema. "Moyo mweupe ni mzuri nyumbani. Lakini vile vidonge?"

"Sitavifunga tena."

Tryphena aliamka vizuri siku ya tatu. Alikaa hospitali mpaka akaweza kutembea. Alirudi nyumbani na dawa kidogo, kisha daktari akaiongeza, akapima, akaiongeza tena. Safari hii Tryphena alisema yote: "Daktari, miguu bado mizito. Choo bado kigumu. Usingizi umepungua." Daktari hakukasirika. Alisikiliza, akapanga dawa kwa maneno hayo.

Zephaniah alichukua chaki akaandika nyuma ya mlango, juu ya mtungi wa maji, mahali ambapo mkewe angeona kila asubuhi:

Boila lililolala, halipashwi kwa haraka,
Kidonge ukishakula, kesho usije kuruka,
Ukiumwa sema, wala usifiche ukachoka,
Pole pole, si jumla, mwili nao utawaka.

"Shairi lenyewe limepinda kama reli ya Taveta," Mwanamina alimtania.

"Lakini linafika," Zephaniah alijibu.

Mvua mbili zilipita. Asubuhi moja Tryphena alimeza kidonge chake, akapanda basi kwenda Mgange. Alipanda kilima cha mwisho kwa miguu yake mwenyewe. Ukungu ulikuwa umefunika migomba. Mama Wakio alikuwa mlangoni, amejikunyata.

Tryphena alifungua kikapu, akatoa lile sweta. Lilikuwa limefuliwa na kukunjwa.

"Mama, vaa," alisema, na sauti yake ilikuwa laini kama zamani. "Huku ndiko kwenye baridi."