Mashahidi Kumi wa Unga wa Mizizi

Spana ilimponyoka fundi wa viyoyozi ikaanguka kwa kishindo katikati ya maktaba, msimu wa mitihani, na vichwa vyote vikageuka. Mkutubi alisimama nyuma ya kaunta. Alivaa blauzi ya zambarau, na miwani yake ilining'inia kwa mkufu mwembamba.

"Kaka, hapa watu wanasoma."

"Samahani, dada. Ikirudia nitaifunga mdomo."

Mkutubi alijitahidi asicheke, akashindwa. Tangu siku hiyo alimwita Bwana Baridi, naye fundi akamwita Bi Kimya, na kiyoyozi kile kikawa kinahitaji kukaguliwa kila wiki.

Mwezi wa nne wa mapenzi yao, fundi alifika kaunta na kurasa kumi alizochapisha, uso ukimng'aa. Baba yake alikuwa na kisukari na alichomwa insulini kila siku. Shangazi alikuwa amesikia habari za unga wa mizizi unaoponya kabisa. Jumamosi saa sita mchana angeuleta, na mzee angeacha sindano.

"Ulipotafuta mtandaoni uliandika nini?" mkutubi akauliza.

"Unga wa mizizi unaponya kisukari."

"Basi ulikwenda na jibu mfukoni, ukaletewa wanaokubaliana nawe. Tazama, mpenzi. Bibi huyu aliyepona yumo kwenye kurasa zote kumi, picha ile ile. Ni shahidi mmoja aliyebadilisha shati mara kumi. Na chini ya kila ukurasa kuna namba ya kuagizia."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Fundi akahisi masikio yakimwaka.

"Kwa hiyo shangazi yangu ni mjinga?"

"Sikusema hivyo. Mteja akikuambia gesi imekwisha, wewe unajaza tu?"

"Usinifundishe kazi yangu! Angekuwa baba yako usingetafuta matumaini?"

Alizoa kurasa zake akatoka. Kwa siku nne hakuna aliyempigia mwenzake.

Jumamosi saa tano asubuhi fundi alikuwa juu ya ngazi katika duka la nguo. Mwenye duka akamwambia, "Fundi, gesi imekwisha. Jaza tu uende zako."

"Napima kwanza, mama," alijibu kwa mazoea, kisha maneno yake mwenyewe yakamgonga kifuani. Akapima. Gesi ilikuwepo tele. Kilichoziba ni kichujio. Alishuka ngazi, akampigia baba yake. Simu haikupokelewa. Akampigia mkutubi.

"Bi Kimya, utanigombeza baadaye. Nitafuteje?"

"Mzee ameshaacha sindano?"

"Ya asubuhi amechoma. Shangazi yuko njiani."

"Andika jina la unga kama lilivyo kwenye tangazo, uongeze neno 'tahadhari'. Usiandike 'unaponya'."

"Ukurasa wa kwanza ni wa muuzaji."

"Kuwa wa kwanza si kuwa wa kweli. Shuka chini. Mtafute asiyeuza kitu, aliyeweka jina na tarehe."

Kidole kilishuka. "Mamlaka ya dawa, mwezi uliopita. Unga haujasajiliwa. Watu watatu... walioacha insulini, wamelazwa mahututi."

"Kuna mwingine anayesema hivyo kwa maneno yake mwenyewe?"

"Hospitali kuu. Daktari ametaja jina lake."

"Kimbia, mpenzi."

Nyumbani kwa baba yake alikuta unga umeshakorogwa. Mzee alikuwa ameinua kikombe.

"Baba, weka chini!"

"Nyumba hii imeingiwa na nini?" shangazi akamaka.

Fundi hakubishana. Alisoma ilani yote kwa sauti, tarehe na majina. Alipomaliza, shangazi alikaa kwenye mkeka taratibu.

"Mimi nilitaka kaka yangu apone tu."

"Najua, shangazi. Hata mimi."

Mzee alisukuma kikombe mbali. "Sindano zangu zibaki pale pale. Na wewe, nani amekufundisha kusoma hivi?"

Fundi alitoka uani, akapiga simu.

"Hajanywa," alisema. Alisikia mtu akishusha pumzi upande wa pili. "Nisamehe, Bi Kimya. Kichujio kilichoziba kilikuwa changu. Nataka kukuoa."



"Umepima kwanza?"

"Siku nne nzima. Sitaki ya tano."

"Basi usiishie kwangu, Bwana Baridi. Nenda kwenye chanzo. Kesho baba na mama wapo nyumbani." Sauti yake ilikuwa inacheka na kulia pamoja. "Na spana uiache. Baba hapendi kelele."