Darasa la Ushonaji Kwenye Kiwanja Kitupu

Kila jioni, darasa la mama linapoanza, nyumba yetu hugeuka maktaba. Redio huzimwa. Hakuna kukaanga kitu. Baba ni seremala, na mikono yake imezoea nyundo, lakini saa hiyo huosha vyombo taratibu kama anayeogesha mtoto mchanga. Mwenye chafya huenda kuipigia uani.

Mama ni fundi cherehani. Zamani alifundisha wasichana wawili watatu pale sebuleni. Siku hizi anafundisha kwa mtandao. Simu hufungwa juu ya kigoda kirefu ili ionyeshe mikono yake. Wanafunzi wako miji mbalimbali, kila mmoja na cherehani yake. Mama akikata kola, nao wanakata kola. Akikosea, wanacheka pamoja. Darasa hilo ndilo linalotulisha. Ndilo lililonipeleka shule ya bweni. Na kwa uchunguzi wangu wa kina, ndilo linalomfanya mama aimbe asubuhi.

Shule ya bweni imenifundisha kutandika kitanda bila mkunjo na kufanya utundu bila kucheka. Likizo moja nilitumia elimu hiyo ya pili. Niliubadilisha mlio wa simu ya baba, nikaweka sauti ya mbuzi. Katikati ya somo la zipu, mbuzi akalia jikoni. Wanafunzi wakauliza kama mwalimu amenunua mifugo. Mama akawajibu kwa utulivu kwamba ndiyo, anaye mmoja, na amefunga naye ndoa.

Baba alishindwa kuuondoa mlio ule. Mwishowe akasema amemzoea mbuzi wake.

Nyumba tuliyokuwa tukiishi ni ya kupanga. Kwa muda mrefu baba alitafuta kiwanja. Siku moja akarudi na uso wa mtu aliyeposa na kukubaliwa. Amekipata. Kiko pembeni mwa mji, bondeni, chini ya kilima kizuri.

Alikikagua kama anavyokagua mbao. Aliuminya udongo, akaunusa. Aliwauliza majirani maji ya mvua hupita wapi. Alikwenda ofisi ya ardhi kuhakikisha kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Akapima mipaka kwa kamba. Kama kununua kiwanja kungekuwa mtihani, baba angeitwa jukwaani kupewa zawadi.

Mama aliuliza jambo moja tu. Mtandao je?

Baba alikuwa na jibu. Jumapili asubuhi alikuwa amempigia mama simu ya video akiwa huko huko. Mama mwenyewe alimwona, meno yote nje.

"Ulinisikia, hukunisikia?" baba akauliza.

"Nilikusikia."

"Basi mtandao upo. Mtandao ni kama hewa, mke wangu. Hauna mlango."

Baba alikuwa amekwisha kuchora ramani ya nyumba kwenye kipande cha ubao. Chumba kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha cherehani. Ni nani angekuwa na moyo wa kumwaga maji kwenye moto ule?

Shangazi alikuwa nao. Yeye ni dada mdogo wa baba, na kazi yake ni kufunga mtandao majumbani. Hupanda nguzo akiwa na mkanda kiunoni na kuvuta nyaya. Alikuja kutusalimia siku chache kabla baba hajatoa malipo ya kwanza. Baba akamsimulia kiwanja kwa urefu, kilima na simu ya Jumapili asubuhi vikiwemo. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kuuliza kama daktari. Alipopiga simu ile, alikuwa amesimama wapi hasa?

Baba akasema alikuwa juu ya lundo la kokoto la jirani. Dalali anayekiuza kiwanja huwapandisha hapo wateja wote.

"Na nyumba utaijenga wapi, kaka? Juu ya kokoto za watu?"

Hapo elimu ya bweni ilinishinda. Nilicheka.

Baba akajitetea kwamba nguzo za nyaya ameziona kwa macho yake barabara kuu. Shangazi akamweleza bila haraka. Waya kupita barabarani ni jambo moja, kufika nyumbani ni jambo jingine. Kwenye nguzo kuna kisanduku, na kisanduku kina nafasi chache za kuunganisha nyumba. Zikijaa, unasubiri. Kiwanja kikiwa mbali na kisanduku, kampuni inaweza kukataa kuvuta waya. Hapo unabaki na mtandao wa simu, ambao hutoka kwenye mnara. Kilima kikikaa kati ya mnara na nyumba yako, kinaukinga, hata kama ni kilima kizuri namna gani.

"Lakini nilizungumza naye," baba akasema, sauti ikipungua.

"Ulizungumza naye asubuhi, watu wengi wamelala. Yeye anafundisha jioni, wakati kila mtu yuko mtandaoni. Tena wewe ulimwonyesha meno kidogo tu. Yeye anatuma picha ya mikono yake somo zima, bila kukatika. Salamu ni uzi, kaka, hupita tundu la sindano. Darasa ni kabati. Kabati hulipimi mlango kwanza?"

Baba alitazama uani. Uani kulikuwa na kabati alilowahi kumtengenezea mteja, likakataa kuingia mlangoni kwake. Mpaka leo tunaweka majembe humo.

Shangazi hakusema kiwanja ni kibaya. Alisema kipimwe. Kipimwe mahali nyumba itakaposimama, saa ile ile ya darasa, kwa simu ile ile na laini ile ile. Nikasema, kwa utani tu, kwamba basi tulipeleke darasa lenyewe. Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa ameshainuka kutafuta kitambaa.

Ndivyo tulivyosafirisha shule. Tulipakia kwenye mkokoteni cherehani ya mkono, meza, kigoda na mwalimu mwenyewe, ambaye alikataa kushuka hata njia ilipokuwa mbaya. Baba alikuwa ameshachomeka vigingi na kufunga kamba kuonyesha kuta zitakapokuwa. Akaiweka meza ndani ya chumba cha cherehani. "Dirisha litakuwa hapa," akamwambia mama, akichora hewani kwa kidole. Mama akaligeukia dirisha lile lisilokuwepo, akasema mwanga wake ni mzuri.

Somo lilikuwa mfuko wa shati. Lilianza vizuri. Mara sauti za wanafunzi zikaanza kukatika vipande vipande. Kisha kimya. Mama hakugundua. Aliendelea kueleza namna ya kukunja ukingo, vizuri kabisa, akiwaeleza nyasi na mimi.

Baadaye mtandao ukapenya kidogo, simu yake ikalia kwa ujumbe. Mwanafunzi mmoja alikuwa amepiga picha ya kioo cha simu yake na kutuma alichokiona. Mama ameganda, mdomo wazi, mkasi juu, jicho moja limefumba. Chini yake ameandika: "Mwalimu, uko salama?"

Tulijaribu laini ya baba. Hali ikawa ile ile. Baba akaichukua simu, akapanda juu ya kokoto. Sauti za wanafunzi zikamwagika zote kwa pamoja. Akashuka, zikapotea. Akapanda tena. Akasimama kule juu, akimtazama mama aliyekaa chini peke yake na kipande chake cha kitambaa, ndani ya chumba cha kamba.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Baba watoto, tukichukue tu. Nitatafuta wanafunzi wengine, wa kuja nyumbani."

Baba alishuka. Akang'oa kigingi cha kwanza, akaanza kuizungusha kamba mkononi.

"Nilikuwa nakujengea chumba," akasema. "Sikijengi ili ukae kimya ndani yake."

Mama aliinamia cherehani kwa muda, akijifanya anatoa uzi. Nami nilikitazama kilima kwa makini sana.

Dalali hakukasirika. Baba alipomuuliza kwa nini huwapandisha watu juu ya kokoto, akashangaa. Alisema simu yake mwenyewe haishiki kwingine pale, naye hataki simu za wateja wengine zimpite. Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.

Alitutafutia kiwanja kingine. Ni kidogo kuliko kile, na badala ya kilima unaona ukuta wa ghala. Safari hii baba hakuanza na kunusa. Alianza kubisha hodi kwa majirani. Mnatumia mtandao gani? Jioni unakatika? Mvua ikinyesha je? Kisha, kama Shangazi alivyomwelekeza, akaenda kwenye kampuni na kuwaonyesha kiwanja chenyewe kwenye ramani, maana jina la mtaa peke yake halitoshi. Aliuliza kama kisanduku kina nafasi, kama waya utafika, na ikihitajika nguzo mpya, nani ataigharamia. Akaomba majibu hayo kwa maandishi. Hati, udongo na njia ya maji alivikagua vilevile. Mtandao mzuri hauzuii mafuriko.

Waya ungevutwa nyumba ikishasimama. Mpaka wakati huo mama angetegemea mtandao wa simu, kwa hiyo huo nao tuliupima. Jioni moja mkokoteni ukabeba shule tena. Somo lilikuwa mkono wa gauni. Baba alisimama kando bila kupumua. Mama akapima, akakata, akakunja. Ghafla, katikati ya kiwanja, mbuzi akalia.

"Mwalimu," sauti ya mwanafunzi ikasema, safi kama yuko pale pale, "kumbe mmehama na mbuzi wenu?"

Wanafunzi wote walikuwa wamemsikia. Baba aliishika simu yake juu kama kikombe cha ushindi, akaiacha ilie. Nami, nyuma ya ukuta wa ghala, nilikata simu na kuirudisha mfukoni kwa heshima zote.

Leo tunaishi hapo. Chumba cha cherehani ndicho kilichoezekwa kwanza. Kabla ya kupiga lipu, baba alipitisha bomba dogo ukutani kwa ajili ya waya, na Shangazi akaja kuuvuta mwenyewe, akidai chakula mara mbili.

Sebuleni kuna picha moja tu. Baba ameitengenezea fremu kwa mbao alizobakiza kwenye milango. Ni mama, ameganda, mdomo wazi, mkasi juu. Wageni wakiuliza ni nini kile, baba huweka kikombe chini.

"Kile ni kiwanja tulichokiacha," husema. "Wewe umeshanunua chako?"

Mgeni akijibu kwamba bado, ajue hataondoka mapema. Baba humweleza yote, tangu kokoto mpaka kisanduku, na sauti yake hupanda, mpaka mlango wa chumba cha cherehani ufunguke na mama atoe kichwa kutukumbusha kwamba hapa ni darasani.