Samadi ya Otanai na Ada ya Waya

Alfajiri Chizuru Sasamori alikuwa zizini, akikamua. Ng'ombe sitini hawajui baridi wala sikukuu. Nje theluji ilikuwa imefika madirishani, na shimo la samadi lilikaribia kujaa.

Shimo hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mji ulikuwa umekataza kumwaga samadi juu ya theluji, kwa sababu theluji ikiyeyuka, uchafu wote unaishia mtoni. Familia kumi na tatu za kijiji cha Otanai zilikubaliana kujenga mtambo mmoja. Mtambo ungegeuza samadi kuwa gesi, na gesi kuwa umeme wa kuuza. Bila mtambo, kila nyumba ilitakiwa kupunguza ng'ombe. Kwa akina Sasamori, thelathini wangekwenda machinjioni.

Baada ya kukamua, akipanga magazeti, Chizuru aliliona jalada la matangazo. Jalada hilo huzunguka nyumba kwa nyumba. Ukisoma, unagonga muhuri, unampelekea jirani. Mwaka huo lilianzia kwao. Chizuru aligonga muhuri bila kusoma, kama wengi wetu tufanyavyo, tusijidai. Kisha akalisahau siku nane.

Sasa alilisoma.

"Baba!" alimwita mumewe. "Njoo uone nilichofanya!"

Tetsuo alisoma polepole. Tangazo lilihusu ada mpya ya kusafirisha umeme kwenye nyaya kubwa. Wananchi walitakiwa kutoa maoni. Mwisho ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Mama, mimi hapa sielewi kitu," alisema Tetsuo. "Twende kwa Mzee Nishibori."

Nishibori alikuwa amekagua minara ya umeme miaka thelathini na minane. Magoti yalikuwa yamechoka, ulimi bado.

"Ada hii itaua mtambo wenu kabla haujazaliwa," alisema.

"Mzee, usitutishe," alisema Chizuru.

"Siwatishi, nawaamsha. Sikilizeni. Wanataka kila mwenye mtambo alipie umbali wake kutoka mjini. Tena alipie nafasi kwenye waya mwaka mzima, hata siku ambayo hapeleki umeme."

"Lakini waya umejengwa kwa pesa," alisema Tetsuo. "Si lazima mtu alipe?"

"Lazima. Swali ni nani alipe, na kwa kipimo gani. Lori la maziwa linatoka wapi kuja kwako?"

"Kiwandani. Kilomita sabini."

"Aliye karibu na kiwanda analipa kidogo kuliko wewe?"

"Hapana. Gharama ya lori tunachangia wote, sawasawa kwa kila lita."

"Na kama ungelipa kwa umbali?"

Tetsuo alikuna kichwa. "Ningeshaacha ng'ombe zamani."

"Umeona? Upepo, jua na samadi haviko mjini. Ukimtoza mtu kwa kuwa yuko mbali, hatajenga mtambo. Wanaotumia umeme huo nao wachangie njia. Na ninyi mlipie umeme mliopitisha kweli."

"Na waya ukijaa?" aliuliza Chizuru. "Mchana mitambo ya jua inaujaza."

Mzee alicheka. "Hapo ndipo ng'ombe wako wanalishinda jua, mama. Gesi inakaa tangini. Subirini jua lizame, waya upate nafasi, ndipo mpeleke umeme. Ombeni kwamba anayesubiri hivyo apunguziwe ada. Na msiandike barua moja. Nyumba kumi na tatu, barua kumi na tatu."

Chizuru aliinuka, akachukua koti lake. Nyumba kumi na mbili hazikujua lolote, na kosa lilikuwa lake.

Siku mbili walizunguka kwenye theluji. Kila mlangoni Chizuru aliinama hadi kiunoni, akaomba radhi. Bi Hamada, mjane wa nyumba ya mwisho, hakumhurumia.

"Siku nane! Ulikuwa unalitamia jalada litotoe vifaranga?"

"Nitukane baadaye, dada. Andika kwanza."

"Nitaandika. Na kukutukana nitakutukana."

Ijumaa saa kumi na nusu, barua kumi na mbili zilikuwa zimeshapita kwenye faksi ya ofisi ya ushirika wa wafugaji. Ya Bi Hamada haikuwepo. Dhoruba ilikuwa imefunga barabara. Chizuru alisimama dirishani, akitazama barabara. Zikiwa zimebaki dakika tisa, trekta lilijitokeza kwenye theluji. Bi Hamada aliingia na barua ndani ya koti.

"Usiniangalie," alisema. "Tuma!"

Kisha wakangoja miezi mitano. Shimo lilijaa, wakakodi jingine. Kila gari la posta liliposimama, Chizuru alishtuka.

Uamuzi ulifika Juni. Watu wengi wa sehemu za mbali walikuwa wameandika, na wakubwa walisikia. Ada ya umbali imefutwa. Gharama ya njia itachangiwa na watumiaji wote. Mwenye mtambo atalipia umeme aliopitisha, na atakayesubiri waya upate nafasi atapunguziwa.

Chizuru alisoma kwa sauti, akilia waziwazi. Tetsuo alitoa mfukoni karatasi iliyochakaa, akamkabidhi. Ilikuwa na majina ya ng'ombe kumi na mmoja, yamefutwa na kuandikwa tena.

"Nini hii, baba?"

"Wa kwenda machinjioni. Walitakiwa thelathini," alisema. "Tangu majira ya baridi nimeshindwa kuvuka kumi na mmoja."

Mtambo uliwashwa Oktoba. Ng'ombe wote sitini walikuwa zizini.