Fungate ya Baiskeli

Siku treni ya pwani ilipochelewa saa nne nzima, watu wote wa Tabora waliokuwa na jambo la maana la kufanya, na wengi zaidi wasiokuwa nalo, walijaa kwenye kituo cha reli. Wauza karanga walipita kati ya miguu ya watu. Makarani walitazama saa zao kana kwamba wao ndio wenye treni. Katikati ya msongamano huo alisimama fundi baiskeli mmoja aitwaye Shomari, kijana wa miaka ishirini na minne, kaptula yake ya kaki imenyooshwa kwa pasi hadi mikunjo ikawa mikali kama wembe. Alikuja kuchukua matairi ya tajiri wake.

Treni ilipoingia, mkono ukatokea nyuma yake ukamvua tarbushi.

"Wewe Mnyamwezi?" sauti ya kike ikauliza.

"Nani anauliza?"

"Mzaramo. Shika huo upande wa sanduku. Babu yako aliwabebea babu zangu pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Wewe sanduku la shangazi yangu litakushinda?"

Shomari akageuka. Akaona msichana mrefu aliyevaa gauni jeupe la wauguzi na kanga ya rangi ya machungwa mabegani, tarbushi yake ikiwa imekaa upande juu ya kichwa cha msichana huyo, tena imempendeza kuliko mwenyewe. Kando yake, mama mnene aliyeteremka behewani sasa hivi alikuwa amekalia sanduku la bati lenye ukubwa wa jeneza.

Kwa heshima zote, inafaa tueleze sheria. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana wewe na ukoo wako, kukunyang'anya kofia, kula chakula chako mbele ya macho yako, na ukikasirika basi mkosaji ni wewe. Hakuna liwali wala Bwana Shauri anayesikiliza kesi ya utani. Shomari aliijua sheria. Akalibeba sanduku.

"Humu mna nini, Mzaramo? Mmehamisha minazi?"

"Mna adabu. Tumewaletea, tumesikia huku haioti."

Alibeba mpaka Isevya, nyumbani kwa Mzee Shaban, baba wa msichana, fundi seremala aliyekuja na reli akalowea. Alipofika alikuwa anatoka jasho kama mtungi mpya, matairi ya tajiri ameyasahau kituoni, na jina la msichana amelijua: Mwamvita. Yule mama mnene alikuwa Bi Kuluthumu, shangazi yake.

Tangu siku ile mapenzi yakaanza, ingawa mtu aliyewasikia angedhani ni ugomvi. Kila jioni Mwamvita alipomaliza zamu hospitalini Kitete, Shomari alikuwa getini, akikokota baiskeli ili iwe katikati yao, maana njia ina macho.

"Umenuka dawa leo."

"Na wewe umenuka gundi. Tukisimama pamoja tunafaa kuziba watu pancha."

Shomari alikuwa na wazo moja lililomkosesha usingizi. Katika mji ule, watu wakioana hufungiwa chumbani siku saba za fungate, wakiletewa uji na vitoweo na somo wa bibi harusi, na mlangoni wakisikilizwa na majirani. Shomari aliiona desturi hiyo kuwa ni kifungo kisicho na hakimu.

"Nikikuoa," alisema jioni moja, "sikai ndani. Tunapanda baiskeli, tunafuata njia ya misafara. Siku kumi na moja."

"Ukinioa! Kwanza uote ndevu."

"Mwezi wa tisa, mavuno yamo ghalani. Jua halijawa kali. Miyombo inatoa majani machanga mekundu, pori zima linawaka bila moto. Tazama."

Akatoa daftari. Ndani yake, kwa mwandiko wa kuinamia kulia, safari nzima ilikuwa imepangwa. Siku ya kwanza Usoke, kwa mama yake mdogo, ambako jogoo alikwisha kuchaguliwa bila mwenyewe kuarifiwa. Siku ya pili kupita kizuizi cha mbung'o, ambako askari mwenye wavu hukagua baiskeli kana kwamba imeficha muuaji, kisha Urambo. Siku ya nne kuziacha baiskeli kijijini na kutembea kwa miguu porini mpaka kambi ya warina asali, madonge mawili ya ugali kiunoni na matobolwa, viazi vilivyokaushwa, mfukoni. Siku ya nane Mto Malagarasi, maji yamepungua, kambale wanashikwa kwa mikono, wanabanikwa palepale na kuliwa kwa ugali wa mtama na pilipili.

Mwamvita alisoma akimeza mate, ingawa alijaribu kumeza kimyakimya.

"Na mimi nitakaa wapi? Kwenye kerieri, kama gunia la karanga?"

"Nakuundia yako. Fremu nimeshaipata, ya kike. Imebaki gurudumu la nyuma."

"Shomari."

"Naam, mke wangu wa bahati mbaya."

"Kuna watu huwa wanaleta barua nyumbani kwa msichana. Wanaleta na wazee."

"Watauliza nini hao wazee? Kama unakula sana? Majibu ninayo."

Mwamvita akacheka, lakini kicheko chake kiliishia njiani. Shomari hakuona. Alikuwa anaandika: chumvi, kibiriti, spoku za akiba.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumanne, simu ya dukani kwa tajiri wake ililia. Tajiri akamwita Shomari ndani kwa uso wa kuchukia, kwa sababu simu ile ililetwa kwa ajili ya biashara.

"Haloo!"

"Shomari, ni mimi."

"Mimi nani? Huku tunapokea watu wenye akili timamu tu."

"Nisikilize. Sista ametoka, nina dakika mbili. Kuna mtu wa Ujiji, anaitwa Twalibu, mfanyabiashara wa dagaa. Alifiwa na mkewe. Ameleta posa. Baba atamjibu mshenga wake Ijumaa, baada ya sala."

"Maskini! Amekwisha kuambiwa kama unakoroma?"

"Sitanii."

"Na mimi sitanii. Mwambie akikuchukua, nitamwongezea jogoo."

Upande wa pili hakuna aliyecheka.

"Huna jingine la kusema?"

"Ninalo. Muulize kama baiskeli yake ina pampu."

"Haya. Asante, Bwana Shomari."

Simu ikakatika. Shomari akarudi barazani anacheka peke yake. Hodari, msichana huyu! Mpaka jina la mtu amelitunga, na dagaa juu!

Jioni alikwenda getini, akaambiwa Mwamvita amebadilishiwa zamu. Jumatano hivyohivyo. Alhamisi alimwona sokoni, amejitanda buibui jipya jeusi, kapu mkononi.

"Mzaramo! Umevaa kaniki ya nani?"

Mwamvita akasimama. "Hujambo, Bwana Shomari? Kazi zinaendeleaje?"

"Mh?"

"Nyumbani hawajambo?"

"Ha... hawajambo."

"Vizuri. Wasalimie."

Akaenda zake. Shomari alibaki amesimama kati ya mafungu ya nyanya. Katika miezi saba msichana huyo alikuwa amemwita punda, mpagazi, na siku moja chawa wa msafara, naye akalala usingizi mtamu kila siku. Usiku huo, kwa sababu ya kuulizwa hali, hakulala. Lakini hata hivyo alijifariji: huu ni utani mpya, wa ngazi za juu.

Ijumaa saa nne asubuhi, mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe na koti jeusi alifika barazani akikokota baiskeli yenye pancha.

"Fanya hima, kijana. Ni ya kuazima, na mimi mgeni. Nina shughuli baada ya sala."

"Shughuli gani, baba, siku ya joto hivi?"

"Ya heri. Nimetumwa kutoka Ujiji. Nakwenda Isevya kuchukua jibu la posa, kwa seremala mmoja anaitwa Shaban. Binti yake ni muuguzi."

Tairi lilikuwa tayari limevuliwa. Mpira ulikuwa ndani ya karai la maji, na kutoka kwenye tundu vilitoka vipovu vidogo, kimoja baada ya kimoja. Shomari alivitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaona maji.

"Tundu hujaliona?" mzee akauliza.

"Nimeliona," Shomari akasema. "Sasa nimeliona."

Shetani hakuwa mbali siku hiyo, na yeye huwajua mafundi. Gundi kidogo kupita kawaida, kiraka kikabandikwa kabla haijakauka, na mzee wa Ujiji angeketi chini vumbini nusu ya njia. Shomari akalifungua kopo. Lakini mzee alikuwa amekaa kwenye benchi, amevua viatu, anajipangusa vumbi la vidole kwa leso safi, ili aingie nyumba ya watu kwa heshima. Shomari akasugua mpira kwa msasa, akapaka gundi, akangoja ikauke mpaka mwisho, akabandika. Hakuwahi kutengeneza kiraka kizuri kama kile, na hakuwahi kukichukia kiraka kama kile.

Mzee alipoondoka kwenda msikitini, Shomari alinawa mikono mara tatu. Wazee wake walikuwa Sikonge, mwendo wa siku nzima. Hakuwa na mshenga, barua, wala muda. Alivaa kanzu, akaswali bila kujua ameswali rakaa ngapi, kisha akapanda baiskeli kwenda Isevya.

Alipopiga hodi, sebule ilikuwa imejaa. Mzee Shaban alikaa kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe. Mzee wa Ujiji alikaa mkekani, kahawa mbele yake. Pazia la mlango wa ndani lilikuwa limeshushwa, na mbele yake aliketi Bi Kuluthumu.

"Shikamooni."

"Marahaba! Mnyamwezi huyo!" Mzee Shaban akafurahi. "Umesikia harufu ya pilau? Kaa karibu na mlango, tusije tukapotelewa na vikombe."

"Nimekuja kuposa, baba."

Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko. Mzee Shaban alipiga goti lake. "Mnasikia? Hawa ndio watani wetu! Mgeni wa watu yupo, yeye anakuja kuposa mikono mitupu! Kwanza kaoge, kijana. Jasho la msafara halijawatoka tangu enzi za Mwarabu."

Majibu kumi na mawili yalimjia Shomari mdomoni, yote mazuri. Akayameza.

"Na utamlisha nini?" Mzee Shaban akaendelea. "Viraka?"

Shomari akainamisha kichwa.

"Jibu basi! Umepatwa na nini? Unaumwa?"

"Leo sikuja kama mtani, baba."

Kicheko kikapungua, kikafa. Mzee wa Ujiji akaweka kikombe chini. "Posa juu ya posa haijuzu," akasema kwa upole. "Mimi nilitangulia."

"Kweli," Mzee Shaban akasema. Sasa sauti yake ilikuwa nyingine. "Dada, muulize mtoto juu ya Bwana Twalibu. Mgeni, desturi unaijua. Mwali akinyamaza, amekubali. Asiyetaka ndiye husema."

Bi Kuluthumu akageukia pazia. "Mwamvita, umemsikia baba yako. Bwana Twalibu wa Ujiji. Unasemaje?"

Hakuna sauti. Nje, jogoo alipita akiparua mchanga. Shomari aliangalia pazia likipumua kwa upepo, ndani, nje, ndani. Alitaka kusema kitu, chochote, na alijua hakuna mwenye haki ya kusema isipokuwa mmoja. Mzee wa Ujiji akaanza kuinua mikono ili Fatiha isomwe.

"Mwambieni namshukuru," sauti ikatoka ndani, haina haraka. "Ni mtu wa heshima. Lakini hapana."

Mikono ya mzee ikashuka. Alihema, akachukua tena kahawa yake. Na kwa kuwa hakuna aliyemfukuza, akabaki kutazama.

"Na huyu mwingine?" Bi Kuluthumu akauliza. "Shomari?"

"Nina maneno," Mwamvita akasema papo hapo.

Shomari akainua kichwa kutazama pazia.

"Maneno ni kukataa, mwanangu," shangazi akamwonya.

"Basi namkataa mpaka nimalize. Shomari!"

"Naam."

"Umepanga siku kumi na moja. Umepanga jogoo, spoku, na mahali pa kuoga. Katika mipango yote hiyo, siku ya kuja hapa uliiandika ukurasa wa ngapi?"

"Sikuiandika."

"Nilikupigia simu. Nilikuwa natetemeka. Ukasema utamwongezea jogoo."

"Nilisema."

"Nilikwenda kulia kwenye stoo ya mabandeji. Sikutaka mtani siku ile. Nilitaka mtu."

Shomari alipojibu, sauti yake ilikuwa ndogo hata jirani aliyetega sikio dirishani akalazimika kusogea. "Niliogopa, Mwamvita. Nikitania, hata ukikataa, ni utani tu. Nikisema kweli ukakataa, nitakwenda wapi?"

"Na sasa?"

"Sasa bado naogopa. Lakini nauliza. Baiskeli tutapanda ukipenda. Usipopenda, nitakaa ndani siku saba nanywa uji. Mradi niwe na wewe. Unanikubali niwe mume wako?"

Kimya.

Mzee Shaban alitazama pazia. Bi Kuluthumu alisogeza sikio mpaka likagusa kitambaa. Kimya kikaendelea, kikajaa sebuleni kama maji yanavyojaa karai. Shomari, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuona kimya asikitie neno, alifungua mdomo.

Mzee wa Ujiji akamwekea mkono begani. "Funga, kijana," akamnong'oneza. "Usije ukatuharibia."